Tulivyompeleka Lusia Tanga

Saa moja na robo ya asubuhi, siku ya Jumatatu, mtoto wa kike alianguka mlangoni pa stoo ya shamba letu la mkonge. Nilikuwa ndani nikiwagawia wakataji visu vyao. Sikusikia kishindo, nilisikia watu wakinyamaza. Nilipotoka nilimkuta amelala kifudifudi, mkono mmoja umeshika kizingiti, na midomo yake ina rangi ya majivu.

Rafiki zangu wa barazani, mmeniuliza ilikuwaje likizo yangu ikaishia hospitali na mimi si mgonjwa. Nimewajibu vipande vipande, na kila mmoja wenu ameondoka na hadithi yake. Sasa naandika yote kwa utaratibu, kituo baada ya kituo. Habari za ruhusa na vyeti naziruka. Kila mtu anazijua, na hazina ladha.

Mtoto huyo jina lake Lusia, umri wake yapata miaka tisa. Baba yake ni Nandenga, mkataji mkonge, na mama yake tunamwita Mama Lusia. Ni Wamakonde kutoka nchi ya Wareno, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Pale kambini watu wote wa mbali huitwa manamba, lakini manamba huja kwa mkataba na hurudi kwao mkataba ukiisha. Hawa walikuja kwa kukimbia. Tofauti hiyo nilikuwa sijaitia maanani.

Dresa wetu, yaani yule msaidizi wa dawa wa kambi, alikuja akamtazama macho, akamsikiliza kifua, kisha akanivuta pembeni.

"Nimempa dawa ya homa mara tatu," alisema. "Homa hana. Moyo wake unakwenda kama korona."

Korona ndiyo mashine inayoparua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Hunguruma usiku na mchana, na ikisimama watu wa kambini huamka usingizini.

"Asipofika Tanga wiki hii," dresa aliendelea, "mtamzika hapa."

Likizo yangu ilikuwa ianze siku ile, nami nilikuwa nakwenda kwa dada yangu Mabawa. Mama Lusia alikuwa amepiga magoti kando ya mtoto, kanga imefunika kinywa chake, maana ana ndonya, kile kijiti cha urembo, kwenye mdomo wa juu na amezoea kuchekwa. Aliyesema ni Nandenga.

"Karani, wewe unakwenda huko kwenye dawa kubwa?"

"Nakwenda Tanga, kwa dada yangu."

"Si ni hapo hapo?"

Nikasema ni hapo hapo. Ndivyo ilivyoanza.

Juu ya marobota

Trekta lilikuwa likipeleka marobota ya katani mtoni, nasi tukapanda juu yake. Lusia tulimlaza katikati, akazama kidogo kwenye katani kama yai kwenye kiota. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Safu za mkonge zilifunguka mbele yetu moja baada ya moja, ndefu, zimenyooka, kisha zikajifunga nyuma, na kwa vile kila safu ilifanana na iliyotangulia, baada ya muda nilihisi kwamba trekta limesimama na ni shamba linalopita. Nimefanya kazi pale miaka mingi na sikuwahi kuliona hivyo. Upande wa kulia nyuzi zilizoanikwa zilikuwa nyeupe, zinapepea polepole kama nywele za vikongwe waliolala.

"Baba," Lusia aliita, "mbona mimea inaondoka?"

"Inakwenda kazini," Nandenga alimjibu.

Mtoto aliridhika. Alifumba macho, na kila baada ya hatua chache mama yake alimwekea mkono puani kuhakikisha kwamba anapumua. Alifanya hivyo njia nzima bila kumtazama usoni, macho yake yako kwenye mkonge.

Bweni, kungoja pantoni

Kufika Bweni tulikuta pantoni iko ng'ambo, upande wa mji, na wavushaji wanakula. Mlio ng'ambo mnajua mtu wa Bweni anavyowaona wavushaji wakila: wadogo kama siafu, na hawana haraka. Maji yalikuwa yanajaa, mto umetulia, na minazi ya pande zote mbili imesimama kichwa chini ndani yake.

Nandenga aliketi juu ya mzizi akautazama mto kwa muda mrefu.

"Karani, ng'ambo ile ni nchi ya nani?"

"Ile ni Pangani. Nchi ni hii hii."

"Askari wapo wangapi?"

"Kituoni wapo. Hapa kivukoni hayupo hata mmoja."

"Hawaonekani," alinisahihisha. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa shauri jema, "Tungoje giza liingie."

Nilimweleza kwamba watu huvuka mchana kwenda sokoni, na kwamba usiku pantoni haivuki. Hakubisha. Alimgeukia mkewe wakasemezana kwa lugha yao, na mama yule akaanza kumvua Lusia ushanga wa shingoni na kuufunga kwenye pindo la kanga. Nikauliza kwa nini. Nandenga akasema walipovuka Ruvuma ilikuwa usiku, na kitu chochote chenye kumeta kilivuliwa au kutupwa. Aliona ajabu kwamba namuuliza jambo lililo wazi kama hilo.

Pantoni ilipokuja tulivuka na mbuzi wawili, baiskeli, na mzee mmoja aliyebeba mlango. Katikati ya mto Nandenga aliinama, akachota maji kwa kiganja, akaonja.

"Ya chumvi," alimwambia mkewe.

Mkewe alitikisa kichwa kama aliyepewa habari njema. Ruvuma kule walikovukia, Nandenga alinieleza baadaye, maji ni matamu. Kwa hiyo huu haukuwa ule.

Baadhi yenu mlituona jioni ile tukipita sokoni, mkauliza nimeokota wapi wageni. Tulilala kwangu. Mkate wa kumimina walioletewa wazazi waliula wote wawili, lakini Lusia aliunusa tu akaurudisha.

Kigombe

Asubuhi tulipanda basi la Tanga. Kabla ya kufika Kigombe gurudumu la nyuma lilizama kwenye tope, na dereva alipojaribu kulitoa kitu kilivunjika chini kwa mlio wa mfupa. Utingo aliingia uvunguni akatoka na chuma mkononi.

"Shukeni mpumzike," alisema. "Hiki nakipeleka kwa mhunzi."

"Mhunzi yuko wapi?" abiria mmoja aliuliza.

"Kama hajahama, yuko alikokuwa," akajibu, akaondoka kwa miguu.

Tulikaa pale mpaka alasiri. Wenyeji walituletea madafu na samaki wa kukaanga. Nyuma ya mikoko bahari ilikuwa imekupwa hata haionekani, inasikika tu, kama mtu anayepumua katika chumba cha pili. Abiria walilala mmoja mmoja. Nami nilisinzia nikaota niko stooni nagawa visu, na kila anayepokea hana mkono.

Niliamshwa na sauti ya bibi mmoja wa Tongoni, mwenye kikapu cha dagaa, aliyekuwa ameketi karibu na Nandenga na kumkagua chale za usoni bila haya.

"Baba," alimuuliza, "nyinyi ndio wale wanaokula panya?"

"Ndio sisi, bibi."

"Na hapa Kigombe umewaona?"

"Nimewaona. Wamekonda mno. Sijui mnawalisha nini."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Alifungua kikapu, akatoa kipande cha muhogo wa kuchemsha, akampa Lusia. "Kula, mjukuu wangu. Baba yako ana mdomo."

Lusia aliupokea kwa mikono miwili, akasema shikamoo kama nilivyomfundisha, akauweka muhogo mapajani. Hakuula. Bibi alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Huyu mtoto ana nini? Hana damu huyu."

"Ndiyo tunampeleka Tanga, bibi," nilisema.

"Hospitali? Mlazeni huko. Msimrudishe njiani." Akamgeukia Nandenga. "Unasikia wewe mla panya? Wakisema alale, alale."

Nandenga hakutania tena. Bibi alipokwenda kulala, Nandenga alinyoosha mikono yake mbele yangu, viganja juu. Nilikuwa nimeiona mikono ile kila siku ikipokea kisu, lakini sikuwahi kuitazama. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Katikati ya viganja ngozi ina makovu madogo ya mviringo, mengi, yamepangana.

"Kule kwetu," alisema, "mkuu wa serikali ana ubao mnene wenye matundu. Ukikosa kazi ya barabara, au pamba yako ikiwa haba, unaitwa ofisini. Anakwambia, nyoosha mikono. Ubao ukishuka, nyama inaingia kwenye matundu. Mara ya pili inatoka na damu."

"Ndiyo sababu mlikimbia?"

"Hiyo niliizoea. Siku moja mimi sikuwapo. Nilikuwa msituni. Wakamwita kaka yangu anyooshe kwa ajili yangu. Akanyoosha. Mikono ikaoza." Akaikunja mikono yake akaiweka kwapani. "Baada ya kumzika tukavuka."

Nimesoma vitabu vingi kwa kujifundisha mwenyewe, na kimoja kina habari za nchi zote, pamoja na nchi ile, na bidhaa zake zimetajwa: korosho, pamba, nazi.

Utingo alirudi na chuma kimeungwa. Tuliingia Tanga giza likiwa limeshaanza.

Mabawa, kwa dada

Dada yangu Mwanaidi ana miaka mitano zaidi yangu na hajapata kuninyima chumba. Alipowaona wageni alinivuta ukumbini.

"Umeniletea watu wa chale."

"Mtoto mgonjwa, dada."

"Nimemwona. Ningekuwa sijamwona mngelala nje." Akaenda jikoni.

Alipika bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa. Nandenga na mkewe walikula vizuri. Lusia alikaa kando, ameupa ukuta uso. Dada alidhani mtoto ana haya, akamwacha. Baadaye tulipotaka kumlaza tulimkuta na tope midomoni. Alikuwa amekwangua ukuta wa chumba kwa kucha, pale chokaa ilipobanduka, na kuula udongo. Shimo lilikuwa la ukubwa wa kikombe.

Mama Lusia alifunika uso. Nandenga aliinuka haraka akasema atauziba ukuta asubuhi, atauziba vizuri, yeye ni fundi wa kukandika.

"Kaa chini," dada alimwambia. "Ukuta ni wangu na sijaulilia." Alimfuta mtoto midomo kwa pindo la kanga. "Mwanangu, udongo wa Mabawa una ladha gani?"

"Wa mvua," Lusia alinong'ona.

"Tangu lini anakula udongo?" dada aliwauliza wazazi.

Walitazamana. Tangu kambini, alisema Nandenga. Walikuwa wakimficha, kwa kudhani mtoto anaitamani nchi aliyoiacha na anaitafuta ardhini. Walimwonea huruma wakamwacha atafute.

Viganja

Hospitali tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Jua lilipenya kwenye baraza, likatambaa juu ya miguu ya watu, likafika kwetu, likatupita. Nesi alikuwa akiita mmoja mmoja. Mbele yetu palikuwa na mvuvi aliyechomwa na taa, na mama mwenye mapacha waliolia kwa zamu. Harufu ya dawa ilikuwa nzito na tamu, na kwa kuvuta harufu ile asubuhi nzima niliona vitu vyote vikiwa mbali kidogo: milango, kofia nyeupe, na Lusia aliyeegemea ubavu wangu, ambaye uzito wake haukuzidi wa koti.

Zamu yetu ilipofika tuliingia wote wanne. Daktari alikuwa Mhindi kijana, mpole, mwenye Kiswahili kifupi. Nesi, mwanamke wa Kibondei, mnene, aliyechoka, alimsimamisha Lusia mbele ya meza. Akasema kama anavyowaambia wagonjwa wote mchana kutwa:

"Haya, nyoosha mikono. Viganja juu."

Lusia aliificha mikono nyuma.

"Nyoosha, mwanangu. Bwana daktari anataka kuiona."

Hapo Nandenga alipita mbele ya mtoto. Alivua kofia, akaiweka sakafuni. Akanyoosha mikono yake miwili juu ya meza, viganja juu, akageuza uso ukutani na kufumba macho. Mabega aliyapandisha kama mtu anayejua kipigo kitakapotua.

Mlango ulikuwa wazi, na watu wa benchi waliona. Mtu mmoja alicheka.

Daktari aliinua macho. Aliitazama mikono ile, akaishika, akaigeuza polepole chini na juu, akapitisha kidole kwenye makovu.

"Wewe pia unaumwa?" aliuliza.

"Siumwi, bwana," Nandenga alijibu bila kufumbua macho. "Malizia tu."

Nilimweleza daktari kwa Kiingereza changu cha vitabuni, na nadhani nilikosea mengi, lakini alielewa. Alimwomba Mama Lusia amlete mtoto, akaushika mkono mmoja wa Lusia taratibu, akaulaza kando ya mkono wa baba yake. Kiganja cha baba, pamoja na makovu yake, kilikuwa na wekundu. Kiganja cha mtoto kilikuwa cheupe kama nyama ya dafu. Nesi akaacha kuchoka.

"Safura," daktari alisema. "Minyoo tumboni, inanyonya. Damu imekwisha kabisa. Alale hapa. Aongezwe damu leo. Akitembea tena hivi, moyo utasimama."

Nilimgeukia nesi ili nielezwe wodi iko wapi. Aliponimalizia maelezo, chumba kilikuwa na sisi watatu tu. Kofia ilikuwa imebaki sakafuni.

Langoni

Niliwakuta langoni, wanakwenda upesi, Lusia mgongoni kwa mama yake.

"Nandenga, unakwenda wapi?"

"Twende, karani, twende. Ametusamehe."

"Nani kakusamehe?"

"Yule bwana. Ameishika mikono, ameona imeshapigwa ya kutosha, akaiacha. Tuondoke kabla mkubwa wake hajaja."

Nikamweleza. Niliieleza minyoo inavyoingia kwa nyayo, inavyokaa tumboni, inavyonyonya. Nilieleza damu inavyozunguka mwilini na inavyoweza kutoka kwa mtu mmoja ikaingia kwa mwingine. Nilieleza kwa mpango, nikianza na mwanzo. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anavyosikiliza mvua, kisha akasema:

"Wanasema alale. Kule kwetu, anayeambiwa alale ofisini haamki nyumbani."

"Hii ni hospitali."

"Ina lango," alisema, akalionyesha kwa kidevu. "Ina mlinzi."

Mtoto alikuwa anahema kwa mdomo wazi, pumzi fupi fupi, kama kifaranga kilichonyeshewa. Hapo ndipo Mama Lusia alipoketi. Aliketi palepale langoni, kwenye vumbi, katikati ya njia, hata mtu wa baiskeli ikambidi ashuke. Tangu kambini nilikuwa sijasikia sauti yake zaidi ya mnong'ono. Ilikuwa sauti nene, na kanga haikuwa kinywani tena.

"Ulisema tukivuka Ruvuma basi," alimwambia mumewe. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Tukavuka. Juzi mto mwingine, tukavuka. Mimi sivuki tena."

"Inuka, mama."

"Mtoto amekuwa mwepesi, Nandenga. Nimembeba, mgongoni simsikii. Kila nikipiga hatua nadhani amedondoka."

Nandenga alitazama barabara, akatazama mlinzi. Mlinzi alikuwa anamenya chungwa.

"Na wakipiga?"

"Wakipiga, utapigwa. Mikono unayo."

Mlinzi alitupa ganda la chungwa akauliza kama tunaingia au tunatoka, maana tumeziba njia. Nandenga alimchukua mtoto kutoka mgongoni mwa mkewe, akamweka begani kwake, akarudi ndani. Alipofika mlangoni pa daktari aliiokota kofia yake lakini hakuivaa.

Chupa

Walipima damu za wazazi wote wawili, na ya baba ndiyo iliyofaa. Walimlaza Nandenga kitandani, wakamfunga mpira mkononi, na nesi akampa bandeji iliyoviringishwa aishike.

"Finya, achia. Finya, achia," alimwambia.

Vidole vilivyokunjika vilifinya, viwili vilibaki vimesimama. Chupa ilianza kujaa. Alinitazama.

"Karani, hii ndiyo adhabu yenyewe?"

"Si adhabu."

Akafikiri. "Basi ni malipo."

"Wala si malipo. Ni dawa ya mtoto."

"Wewe hujui mambo ya serikali," alisema kwa upole, akafumba macho. Kisha akaongeza, "Hii nafuu. Hii haina mlio."

Alasiri ile damu ilianza kuingia kwa Lusia, tone moja moja. Nilikaa kando ya kitanda nikiyatazama matone. Feni ilizunguka polepole, pazia likavimba na kushuka, mtu wa kitanda cha tano aliimba kasida kwa sauti ya ndani. Tone lilijikusanya, likaning'inia, likaanguka, na kila lilipoanguka niliona kama mchana wote unasogea hatua moja. Sijui nilikaa muda gani. Mimi mwenye kutazama saa kwa mazoea sikuitazama. Mama Lusia alikuwa amelala chini ya kitanda juu ya mkeka, mkono mmoja ameuinua umeshika mguu wa mtoto.

Kabla ya magharibi Lusia alifumbua macho akasema ana njaa. Nesi akamuuliza anataka nini. Akasema anataka ule muhogo wa bibi. Tukaona kwamba alikuwa ameuhifadhi ndani ya nguo tangu Kigombe, nao umeshaota ukungu. Nesi akampa uji.

Alilala pale siku kumi na moja. Alipewa dawa ya minyoo, na nilichoonyeshwa ndani ya beseni siwaandikii, maana wengine mnasoma huku mnakula. Nandenga hakuruhusiwa kulala wodini, akawa anakuja alfajiri. Kwa kuwa mkewe na mtoto walipewa chakula bure, aliona si haki, akaanza kufagia uwanja wa hospitali bila kuambiwa. Siku ya tatu mfagiaji alinijia akiwa amekasirika.

"Mwambie ndugu yako aniachie kazi yangu. Jana mkubwa kapita, kakuta uwanja safi na mimi nimelala."

Nilimwambia Nandenga. Kuanzia hapo alifagia nusu, akamwachia mwenzake nusu, na wakawa marafiki, wanataniana juu ya nusu ya nani ina majani mengi. Dada yangu alipeleka bada kila mchana. Siku ya saba Lusia alimaliza sahani, akauliza kama ukuta umezibwa.

Kutoka

Siku ya kutoka daktari alimtazama Lusia viganja kwa mara ya mwisho. Safari hii alinyoosha mwenyewe, na akavigeuza mwenyewe juu na chini kama muuza samaki. Tuliambiwa avae viatu, na kambini watu wachimbe vyoo. Kisha Nandenga alikwenda kwenye dirisha la karani wa wodi akauliza anadaiwa nini.

"Hudaiwi," karani alisema. "Nendeni salama."

"Chakula?"

"Hudaiwi."

"Dawa? Kitanda?"

"Mzee, nimesema hudaiwi. Unaziba dirisha."

Nandenga aliondoka dirishani taratibu. Niliona hajaridhika, lakini nilikuwa nimebeba kikapu na mkeka, sikumfuatilia. Tulikuwa tumeshatoka langoni, tumefika barabarani, niliposikia sauti ya nesi mnene nyuma yetu.

"Nyinyi! Nyinyi Wamakonde! Rudini!"

Kilichofuata sikuwahi kukiona hapo awali. Wote watatu walikimbia. Hawakutazamana wala kusemezana. Ni watu waliozoea. Nandenga alishika upande wa kushoto, Mama Lusia wa kulia na kanga mdomoni kwa meno, na mbele yao, mbele kabisa, mbali nao, alikuwa Lusia. Alikimbia peku, magoti juu, vumbi likiruka kidogo kidogo nyuma ya nyayo zake, akawapita wauza madafu, akampita punda, akazidi kuwa mdogo chini ya jua lile jeupe mpaka nikafikiri huenda ninaota tena, kama pale Kigombe. Nilisimama na kikapu changu nikitazama. Yule mtoto aliyeambiwa kwamba akitembea moyo utasimama.

Nesi alinifikia akitweta. "Mwambie baba yake arudi," alisema. "Kaacha pesa dirishani." Kisha naye akaona barabara, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua. Tulisimama wote wawili mpaka mtoto alipokata kona.

Niliwapata mbele, wamejificha nyuma ya kibanda cha mkaa. Lusia alikuwa anahema kama mtoto yeyote anavyohema baada ya kukimbia, na anacheka.

"Wametufuata?" Nandenga aliniuliza.

"Walikuwa wanakurudishia pesa yako."

"Ndio mtego wenyewe."

"Nandenga, nitakwenda mimi nikuletee."

Alinishika mkono. "Ziache. Siku wakiuliza huyu mtoto ni wa nani, karani wao atasema alilipiwa."

Sikurudi. Nauli, chakula na siku za likizo sizihesabu, maana hizo zilitumika. Kilichopotea katika safari yote, kilichobaki kule na hakitarudi, ni shilingi tatu.